Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara Kuhusu Ujuzi wa Mhandisi wa Mtandao

Maswali haya huulizwa zaidi na wanafunzi, mafundi wa kompyuta wanaotaka kuhamia upande wa mitandao, na watu waliokwisha kuanza kusoma lakini hawajui wakazanie wapi. Nimeyajibu kama mtu aliyeifanya kazi hii kwa miaka mingi, na pale ninapotoa maoni yangu binafsi nimesema hivyo.

Mhandisi wa mtandao hufanya kazi gani hasa?

Hupanga, hujenga na hutunza njia zinazopitisha data kati ya kompyuta, simu, seva na vifaa vingine. Huamua pakiti (vipande vidogo ambavyo data hukatwa ili isafiri) zipite wapi, nani aruhusiwe kufika wapi, na nini kitokee njia moja inapokatika. Fundi wa kompyuta hushughulika na mashine ya mtumiaji, msimamizi wa seva hushughulika na programu zinazowahudumia watu, naye mhandisi wa mtandao hushughulika na yote yaliyo katikati, ndiyo maana jambo lolote likikwama huulizwa yeye kwanza. Sehemu ya kazi hii ambayo wengi hawaitarajii ni kuthibitisha kwa ushahidi iwapo tatizo liko kwenye mtandao au liko kwingine.

Ni lazima niwe na shahada?

Si lazima, ingawa waajiri wengi huitaja kwenye matangazo ya kazi na baadhi yao huitumia kuchuja maombi. Shahada ya sayansi ya kompyuta, uhandisi wa mawasiliano au TEHAMA hukupa msingi mpana. Hata hivyo, nimefanya kazi na wahandisi hodari walioanzia kwenye kuvuta kebo na kupokea simu za malalamiko, wakasoma usiku na kupanda hatua kwa hatua.

Nianze kujifunza nini kwanza?

Anza na safari ya pakiti moja. Kabla ya kukariri amri za kifaa cha kampuni yoyote, hakikisha unaweza kueleza kwa maneno yako mwenyewe kinachotokea tangu mtu anapoandika jina la tovuti kwenye kompyuta yake hadi ukurasa unapofunguka. Huu ndio ushauri ninaousisitiza kuliko mwingine wowote, kwa kuwa nimeona watu wenye vyeti viwili au vitatu wakishindwa kutatua hitilafu ndogo. Walizijua amri, lakini hawakujua amri hizo zinagusa nini.

Safari yenyewe huenda hivi. Kompyuta inapounganishwa haina anwani, kwa hiyo hupiga mwito kwa mtandao wote wa karibu ikiomba kupewa. Seva ya DHCP husikia na kupendekeza anwani, kompyuta huiomba rasmi, na seva huthibitisha. Pamoja na anwani ya IP, kompyuta hupewa maski ya sabneti (namba inayoonyesha ni anwani zipi zilizo kwenye kipande chake cha mtandao, yaani sabneti), anwani ya lango la kutokea nje, na anwani ya seva ya DNS. Mtumiaji anapotaja jina la tovuti, kompyuta huiuliza seva ya DNS jina hilo lina anwani gani, maana pakiti husafiri kwa namba wala si kwa majina. Ikishapata namba hiyo, huilinganisha na maski yake ili ijue iwapo seva inayotafutwa iko kwenye sabneti yake au iko nje.

Ikiwa iko nje, pakiti hupelekwa kwenye lango, lakini ili kulifikia lango ndani ya mtandao wa Ethernet ni lazima ijulikane anwani yake ya MAC, ambayo ni namba ya biti 48 inayokitambulisha kifaa. Hapo ndipo itifaki (kanuni za mawasiliano) ya ARP huuliza, "Nani mwenye anwani hii ya IP?" na lango hujibu. Swichi, kifaa kinachounganisha vifaa vya mtandao mmoja, huipokea fremu (bahasha inayobeba pakiti), hutazama jedwali lake la anwani za MAC, kisha huitoa kupitia tundu moja tu linalohusika. Ruta, kifaa kinachounganisha mtandao na mtandao, huivua pakiti fremu hiyo, hupunguza kwa moja hesabu ya TTL iliyomo (idadi ya ruta ambazo pakiti bado inaruhusiwa kupita), hutafuta kwenye jedwali lake njia inayolingana kwa karibu zaidi na anwani ya mwisho, kisha huivisha fremu mpya na kuikabidhi kwa ruta inayofuata. Njiani kunaweza kuwa na NAT inayoficha anwani ya ndani nyuma ya anwani moja ya nje. Kompyuta na seva hufungua mazungumzo ya TCP kwa kupeana ujumbe mara tatu, hukubaliana juu ya usimbaji wa TLS, na ndipo ukurasa wenyewe huanza kuja.

Kila hatua katika maelezo haya inaweza kuharibika kwa namna yake na kuleta dalili zake. Anayeijua safari hii vizuri huisikia dalili na tayari akawa na sehemu mbili au tatu za kuangalia, ilhali asiyeijua hupapasa.

Je, mfano wa OSI wenye matabaka saba bado una faida?

Una faida kama lugha ya kuelewana, kwa kuwa huigawa kazi ya mtandao katika ngazi saba, kuanzia kebo hadi programu. Mfano huo ulichapishwa kama kiwango cha kimataifa mwaka 1984, lakini intaneti ilijengwa juu ya TCP/IP, ambayo ARPANET, mtandao uliotangulia intaneti, ilihamia rasmi tarehe 1 Januari 1983. Usihangaike kutafuta mpaka kati ya tabaka la tano na la sita. Ila mwenzako akikuambia kwamba "tatizo liko tabaka la pili," unapaswa kuelewa papo hapo kwamba anazungumzia swichi, VLAN (mitandao inayotenganishwa ndani ya swichi moja) na anwani za MAC.

Hesabu zinahitajika kiasi gani?

Ni chache, lakini hizo chache unapaswa kuziweza bila kusita. Anwani ya IPv4 ina biti 32, na kugawa sabneti ni kuamua biti ngapi zitaje mtandao na ngapi zitaje kifaa. Chukua mtandao wa 192.168.10.0/24 (yaani biti 24 za mwanzo hutaja mtandao) unaotakiwa kugawanywa kwa idara nne. Ukiazima biti mbili unapata vipande vinne vya /26, vyenye maski ya 255.255.255.192. Kila kipande kina anwani 64, na kwa kuwa ya kwanza hutaja mtandao na ya mwisho ni ya kutangazia vifaa vyote, zinabaki 62 za kutumia. Vipande hivyo huanzia 0, 64, 128 na 192. Sasa, mtu akikuambia kwamba kompyuta yenye anwani inayoishia 70 haioni printa inayoishia 130, utaona mara moja kwamba vifaa hivyo viko kwenye vipande viwili tofauti, kwa hiyo lazima kuwe na ruta kati yao.

Hesabu nyingine ninayoipenda ni ya umbali. Mwanga hupita ndani ya faiba kwa takriban kilomita 200,000 kwa sekunde. Seva iliyo umbali wa kilomita 5,000 haiwezi kukujibu chini ya milisekunde 50 kwa kwenda na kurudi, hata ukinunua laini pana kiasi gani. Anayelijua hili huokoa fedha za mwajiri wake, kwa sababu upana wa laini na ucheleweshaji ni mambo mawili tofauti, na watu huyachanganya kila siku.

Kuhusu swichi na ruta, nijue mambo gani kwa undani?

Kwa upande wa swichi, jua VLAN. Hizi hugawa swichi moja kuwa mitandao kadhaa isiyosikiana, na kiwango cha 802.1Q huitambulisha kila VLAN kwa namba ya biti 12, hivyo unaweza kuwa na VLAN 4,094 zinazotumika. Jua pia hatari ya mzunguko. Fremu ya Ethernet haina TTL, kwa hiyo swichi mbili zikiunganishwa kwa kebo mbili bila ulinzi, fremu za matangazo zitazunguka bila kikomo na kuongezeka hadi mtandao wote uzimike. Itifaki ya kuzuia hali hiyo, Spanning Tree, ilibuniwa na Radia Perlman mwaka 1985 alipokuwa katika kampuni ya Digital Equipment Corporation, na hadi leo mhandisi asiyeielewa huishia kuizima kwa sababu inamsumbua, kisha hujuta.

Kwa upande wa ruta, anza na njia zilizoandikwa kwa mkono, kisha OSPF, itifaki ambayo ruta huitumia kujulishana njia. Katika OSPF kila ruta hupata ramani kamili ya eneo lake na kukokotoa njia fupi kwa kanuni ya Dijkstra. Halafu ingia kwenye BGP, itifaki inayounganisha mitandao ya mashirika mbalimbali na kuifanya iwe intaneti moja. Upekee wa BGP ni kwamba imejengwa juu ya kuaminiana: mtandao hutangaza anwani unazozifikia, na majirani huamini. Tarehe 24 Februari 2008, kampuni ya Pakistan Telecom ilitaka kuizuia YouTube ndani ya nchi yake, ikatangaza njia ya 208.65.153.0/24 ambayo ilivuja hadi nje. YouTube yenyewe ilikuwa ikitangaza 208.65.152.0/22, na kwa kuwa ruta hupendelea njia mahususi zaidi, ruta za sehemu nyingi za dunia zilifuata ile /24, na YouTube ikawa haipatikani kwa takriban saa mbili. Ukilielewa tukio hilo, yaani kwa nini /24 ilishinda /22, basi umeelewa kanuni ya msingi kabisa ya uelekezaji wa pakiti, na umeelewa pia kwa nini wahandisi wa leo huweka vichujio vya njia na kutumia RPKI kuthibitisha nani ana haki ya kutangaza anwani zipi.

Je, niisome IPv6 au nisubiri?

Isome sasa. Mafungu ya mwisho ya anwani za IPv4 yaliyokuwa mikononi mwa IANA (shirika linalogawa anwani za intaneti duniani) yaligawiwa Februari 2011, na tangu hapo dunia inaishi kwa kubana matumizi kupitia NAT. Anwani ya IPv6 ina biti 128. Jambo la kuzingatia ni kwamba haina matangazo ya kwa wote kama IPv4, na kazi iliyokuwa ya ARP hufanywa na itifaki ya kutambua majirani inayotumia ICMPv6, aina ya ICMP, yaani ujumbe wa taarifa na makosa ambao vifaa vya mtandao hupeana. Kwa hiyo mtu anayezuia ICMPv6 yote kwenye fayawoli (kizuizi kinachochuja pakiti) akidhani anaimarisha usalama huua mtandao wake mwenyewe.

Kazi ya kebo na Wi-Fi ni ya mafundi. Mhandisi anaihitaji ya nini?

Anaihitaji kwa sababu hitilafu nyingi huanzia hapo, na huvaa sura ya matatizo makubwa zaidi. Kebo ya shaba ina nyaya 8 zilizosokotwa katika jozi 4, na kikomo cha umbali wake kwa Ethernet ya kawaida ni mita 100. Kasi ya megabiti 100 hutumia jozi mbili, ilhali gigabiti moja hutumia zote nne. Ndiyo maana kebo yenye waya uliokatika katika jozi zisizotumiwa na megabiti 100 huendelea kufanya kazi lakini hushuka hadi megabiti 100, na mtumiaji hulalamika kwamba "mtandao ni wa polepole" bila yeyote kushuku kebo. Ukiona tundu la swichi limeshuka kasi namna hiyo, badilisha kebo kwanza.

Kwenye faiba, uchafu usioonekana kwa macho kwenye ncha ya kiunganishi unatosha kuharibu mawimbi. Safisha kila mara kabla ya kuchomeka, na kamwe usiitazame ncha ya faiba moja kwa moja kwa jicho.

Kuhusu Wi-Fi, kumbuka kwamba hewa ni ya wote: vifaa vilivyo kwenye chaneli moja hupokezana zamu ya kuongea. Katika masafa ya 2.4 GHz ni chaneli tatu tu, yaani 1, 6 na 11, zinazotumiwa kwa kawaida bila kuingiliana. Kuongeza visambazaji vya Wi-Fi bila kupanga chaneli, au kuongeza nguvu yake hadi mwisho, mara nyingi huzidisha tatizo badala ya kulipunguza.

Nitajifunzaje kutafuta hitilafu?

Huu ndio ujuzi wenyewe. Mengine yote ni maandalizi yake.

Swali la kwanza huwa ni nani ameathirika na nani hajaathirika. Mtu mmoja akikwama ilhali jirani yake kwenye swichi ileile anafanya kazi, umekwisha kuiondoa sehemu kubwa ya mtandao kwenye orodha ya watuhumiwa. Swali la pili ni nini kimebadilika, na usiridhike na jibu la "hakuna." Baada ya hapo gawanya njia katikati: pima kama pakiti inafika nusu ya safari, kisha nusu ya nusu inayobaki. Badilisha jambo moja tu kwa wakati mmoja, na kama halikusaidia, lirudishe lilivyokuwa kabla ya kujaribu lingine. Nimewahi kukuta mtandao wenye hitilafu nne, ambapo moja ndiyo ilikuwa ya asili na tatu zilitokana na majaribio yaliyoachwa bila kurudishwa.

Zana za msingi ni za zamani na bado ni bora. Ping, inayotuma pakiti ndogo na kusubiri jibu, iliandikwa na Mike Muuss mwaka 1983. Traceroute huitumia TTL kwa ustadi: hutuma pakiti zenye TTL ya 1, kisha 2, kisha 3, na kila ruta inayoiishiza TTL hiyo hujitambulisha. Wireshark, iliyoanza mwaka 1998 kwa jina la Ethereal, hukuonyesha pakiti zenyewe, na pakiti hazina sababu ya kukudanganya.

Nitoe mfano mmoja. Ofisi ya tawi iliunganishwa na makao makuu kwa handaki la GRE, yaani njia ya kupitisha pakiti ndani ya pakiti nyingine. Wafanyakazi waliweza kuingia kwenye mfumo na kutuma ujumbe mfupi, lakini kila walipoambatisha faili, skrini iliganda. Ping ilipita bila kupoteza hata pakiti moja, kwa hiyo kwa siku mbili watu wa mtandao na watu wa mfumo walitupiana lawama, nami nikiwa miongoni mwao. Kilichotufungua macho ni kutuma ping kubwa yenye alama ya kutokatwa. Ethernet hubeba pakiti ya baiti 1,500, ambazo ukitoa baiti 28 za vichwa vya IP na ICMP zinabaki 1,472. Ping ya ukubwa huo haikupita. Kikomo kilikuwa 1,448. GRE huongeza baiti 24, na 1,472 ukitoa 24 ni 1,448 kamili. Ruta ilikuwa ikijaribu kuzijulisha kompyuta kwamba pakiti zao ni kubwa mno, lakini fayawoli ilikuwa imezuia ujumbe wote wa ICMP isipokuwa ping, kwa hiyo onyo halikufika. Tuliruhusu ujumbe ule, tukapunguza MSS ya TCP (ukubwa wa juu wa data katika kila pakiti) hadi 1,436, na faili zikaanza kwenda. Ping ndogo ilikuwa imesema kweli tangu mwanzo, sisi ndio tulioiuliza swali lisilohusika.

Nijue kiasi gani cha usalama wa mtandao?

Kiasi cha kutosha kutokuwa wewe mwenyewe mlango wa wavamizi. Ingia kwenye vifaa kwa SSH na uache Telnet, ambayo hupitisha nywila bila usimbaji wowote. Badilisha nywila za kiwandani, na neno "public" lililozoeleka kwenye SNMP (itifaki ya kufuatilia vifaa) uliondoe. Sanifu mitandao kwa kuitenganisha, ili kamera ya ukutani isiweze kuifikia seva ya mishahara. Elewa kwamba orodha za ruhusa husomwa kuanzia juu kwenda chini na kanuni ya kwanza inayolingana ndiyo inayofanya kazi, kwa hiyo mpangilio ni muhimu sawa na maudhui. Oanisha saa za vifaa vyote kwa NTP. Hili hupuuzwa sana, lakini siku ya tukio la uvamizi, kumbukumbu za vifaa vyenye saa zinazotofautiana haziwezi kukueleza kipi kilitangulia kipi.

Je, ni lazima nijue kuandika programu?

Si lazima uwe msanidi programu, lakini ni lazima uweze kusoma na kuandika skripti. Python ndiyo lugha iliyozoeleka zaidi katika fani hii, pamoja na maktaba kama Netmiko, na zana kama Ansible. Fikiria swichi 200 zinazotakiwa kubadilishiwa seva ya NTP. Kwa mkono ni kazi ya siku kadhaa, na hakika utazisahau mbili au tatu. Kwa skripti ni kazi ya dakika chache na unabaki na rekodi ya kila kilichofanyika. Usanidi wa vifaa uuhifadhi kwenye Git, mfumo unaotunza historia ya mabadiliko, ili swali la "nini kimebadilika" liwe na jibu la maandishi.

Tahadhari ni moja. Skripti hueneza kosa kwa kasi ileile inayoeneza usahihi, kwa hiyo jaribu kwenye kifaa kimoja, kisha vitano, ndipo uende kwenye vyote.

Huduma za wingu hazitaifuta kazi hii?

Zimebadilisha mahali inapofanyika. Ndani ya AWS, Azure au Google Cloud bado kuna sabneti, majedwali ya njia, fayawoli na DNS, na bado mtu huyapanga. Kosa linalojitokeza mara nyingi ni la kupanga anwani: timu mbili hujenga mitandao yao kila moja ikichagua 10.0.0.0/16, na siku zinapotakiwa kuunganishwa haiwezekani bila NAT ya kuchosha au kujenga upya. Hilo ni somo la karatasi na kalamu.

Kwa nini mabadiliko hufanywa usiku, na huo nao ni ujuzi?

Hufanywa usiku kwa sababu watumiaji ni wachache, na naam, ni ujuzi mzito. Mhandisi mzuri huandika mpango kabla ya kugusa kifaa: atafanya nini, atapimaje kwamba kimefaulu, na atarudije nyuma kikishindikana. Huhifadhi nakala rudufu ya usanidi. Hutumia pia kinga za kifaa chenyewe. Kwa mfano, vifaa vya Juniper vina amri ya commit confirmed, ambayo hurudisha usanidi wa awali baada ya dakika 10 usipothibitisha. Ukijifungia nje kwa makosa, unasubiri dakika hizo na mlango hufunguka tena.

Tarehe 4 Oktoba 2021, Facebook, Instagram na WhatsApp zilitoweka duniani kote kwa takriban saa sita. Kampuni yenyewe ilieleza kwamba, wakati wa matengenezo ya kawaida, amri iliyokusudiwa kupima uwezo wa mtandao wake mkuu iliukata mtandao huo wote, na programu iliyopaswa kuizuia amri hiyo ilikuwa na kasoro. Seva zake za DNS, zilipoona hazivifikii vituo vya data, zilijiondoa zenyewe kwenye BGP. Na kwa kuwa zana za ndani za kurekebishia zilitegemea mtandao uleule uliokatika, wahandisi walilazimika kwenda wenyewe kwenye vituo. Ninalitaja tukio hilo kwa kila ninayemfundisha na kumuuliza: njia yako ya kuingia kwenye vifaa inategemea nini? Ikiwa inategemea mtandao uleule unaoubadilisha, tafuta njia nyingine ya pembeni kabla ya usiku huo kufika.

Nichukue cheti gani?

Kwa anayeanza, CompTIA Network+ haifungamani na kampuni yoyote, nayo CCNA ya Cisco ina uzito zaidi wa vitendo na inafahamika sana na waajiri. CCNA ni mtihani mmoja wa dakika 120, na cheti hudumu miaka mitatu. Mahali penye vifaa vya Juniper, JNCIA-Junos hufaa. Juu kabisa kuna CCIE, ambayo mtihani wake wa vitendo huchukua saa nane. Maoni yangu ni kwamba cheti kimoja kilichosomwa kwa kuelewa ni bora kuliko vitatu vilivyopatikana kwa kukariri majibu yanayouzwa mtandaoni. Usaili hulifichua hilo ndani ya dakika tano.

Sina fedha za kununua vifaa. Nitafanyaje mazoezi?

Packet Tracer ya Cisco hupatikana bure kwa kujisajili kwenye Networking Academy, na inatosha kwa kiwango cha CCNA. GNS3 na EVE-NG huendesha mifumo halisi ya vifaa, ila zinahitaji kompyuta yenye kumbukumbu kubwa zaidi. Mashine ya Linux peke yake nayo inaweza kuwa ruta, fayawoli na seva ya DNS. Jenga kitu chenye sababu, kwa mfano ofisi mbili zenye idara tatu kila moja na njia mbili kati yake, kisha ukate njia moja na utazame mtandao unavyojirekebisha.

Ujuzi wa kuwasiliana una nafasi gani?

Una nafasi kubwa kuliko tunavyoipa. Saa tatu usiku huduma ikiwa imezimika, mkurugenzi hahitaji kusikia habari za OSPF. Anahitaji kujua nini kimeathirika, nini kinafanyika, na lini atapewa taarifa nyingine. Wakati huohuo, mwenzako atakayeipokea zamu anahitaji undani wote. Mhandisi huongea lugha hizo mbili na hajui kuchoka kuandika. Mchoro wa mtandao usiosasishwa ni hatari kuliko kutokuwa na mchoro, kwa sababu watu huuamini.

Usaili huuliza nini?

Mara nyingi huuliza swali lilelile la safari ya pakiti, kisha huchimba pale unapositasita. Hupenda pia kukupa hitilafu ya kubuni ili waone unavyofikiri. Usikimbilie kutaja jibu. Uliza maswali, eleza unachokipima na kwa nini. Usipojua jambo, sema hujui na ueleze ungelitafutaje. Mimi ninapousikiliza usaili, jibu kama hilo hupata alama nzuri kwangu.

Nitajuaje kwamba niko tayari kuomba kazi ya kwanza?

Jenga maabara yenye ruta tatu, swichi mbili, VLAN kadhaa, OSPF, DHCP na NAT, mpaka kila kompyuta ifike nje. Kisha mwombe mwenzako aharibu jambo moja bila kukuambia: abadilishe maski, aondoe VLAN kwenye kiungo kati ya swichi, au aweke kanuni ya fayawoli mahali pasipostahili. Kaa mbele ya kompyuta, tafuta kosa, na uandike ulichoshuku na ulichokipima kila hatua. Mwanzoni itakuchukua saa nzima. Ukifika mahali ambapo unalipata kosa ndani ya dakika kumi au kumi na tano, na maandishi yako yanaonyesha kwamba hukubahatisha, tuma maombi, na maandishi hayo uende nayo kwenye usaili.